Kabla Hamjavuka Kisogo

Stoo ya mahema, nyuma ya geti,
Jumatano asubuhi.

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, uko mbali, lakini naipokea mapema ili tusipoteze muda. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wageni wako wanne wazima, na wapagazi wako wawili wazima, kila mtu na vidole vyake vyote vya miguu. Mimi hapa mwili ni mzima. Goti la kushoto ni lile lile, linalia kila nikiinama kwenye beseni, ila goti halijaua mtu. Mama yako alipiga simu Jumapili, anakusalimu, anasema hospitali wamemhamishia wodi ya watoto na sasa anafagia huku anaimbiwa. Nyumbani hawajambo. Paka amezaa ndani ya kiatu chako cha zamani na sijamfukuza.

Kabla ya lolote jingine, sikia hili. Usiondoke kambi ya pili mpaka uifikishe barua hii mwisho. Hata kama wageni wamekwisha kubeba mabegi yao, waketishe. Hata kama jua ni zuri, waketishe. Wakikasirika, waambie bibi yako ni mzee na wazee wana maneno mengi. Huo si uongo.

Anayeniandikia ni jirani yetu, fundi cherehani. Nimemkuta anakata suruali ya mtu, nikamwambia suruali inaweza kusubiri, makalio hayaendi popote. Nimemwapisha kwamba ataandika kila ninachosema kama ninavyokisema, asinitengenezee Kiswahili. Anasema sawa. Ameshaanza kukunja uso kwa ajili ya yale makalio, lakini ameandika. Anayekuletea ni Upepo, maana hapa getini hakuna miguu yenye mbio kama yake. Nimemkuta nyumbani kwake anaogesha wale mapacha wake. Nilipomwambia ni barua ya kwako akadhani nakutumia chumvi. Nimemwambia akikufikishia kabla hamjalala nitafua nguo za mapacha mwaka mzima. Ameondoka sasa hivi kwenda kufunga viatu, atapita hapa kuichukua. Simu yako haipatikani tangu Jumatatu mchana, na ile redio ya kambi ya pili unajua mwenyewe, iko kwa fundi redio tangu mwezi jana imelala chali. Kwa hiyo ni miguu ya Upepo tu, na Mungu.

Utauliza kwa nini sikumpa Upepo maneno mdomoni akakimbia nayo. Maneno ya mdomoni yanavuja njiani. Angefika kwako na kusema bibi anasema mrudi, nawe ungecheka, ungesema bibi ameanza tena, ananionea huruma. Ningekuwa mimi ningecheka pia. Ndiyo maana nimeketi hapa juu ya gunia la viatu, fundi juu ya ndoo, tunaandika.

Sasa nikueleze nilivyoamka.

Leo nimeamka vizuri. Nimefua yale mabegi sita ya kulalia ya kundi la wiki iliyopita, yale yaliyorudi yananuka kama mbwa ameoga nusu. Nikayaleta stoo kuyaanika kwenye kamba. Nikafungua mlango. Ukutani, kwenye misumari yao miwili, nikaona mahema mawili ya kijani. Nikasimama na beseni mkononi. Nikajiambia labda ni mengine. Nikayashika. Nikageuza lile moja nikaona kiraka changu, kile cha buluu nilichokishona mwenyewe mlangoni. Ni yenyewe. Ni mahema yako.

Nimekwenda kwa Bwana Likizo ofisini kwake na mikono ina povu. Unamjua mwajiri wako, mtu wa kutabasamu kabla hujamwambia kitu. Nikamwuliza mbona watoto wamepanda bila mahema. Akasema nisiwe na shaka, Bibi, ni uamuzi wa mjukuu wako mwenyewe, na ni uamuzi wa akili. Akasema mpiga picha ana mizigo mingi, vyuma vyake na betri zake, na wapagazi ni wawili tu, basi ukapunguza. Ukasema mtalala kambi ya kwanza kwenye kibanda siku mbili wageni wazoee hewa, leo kambi ya pili kwenye kibanda, na baada ya Kisogo mtalala pangoni. Pango la Bibi lipo, hema la nini? Na maji vilevile, kila mtu chupa moja ya kuvukia, mtajaza pangoni kwenye beseni la jiwe. Akaniambia hivyo huku anacheka, akanipa kipeperushi kipya kilichotoka jana, nikipeleke nyumbani nikitazame.

Nimekuja nacho. Fundi amenisomea. Mimi nipo mbele, nimefunga kile kitambaa chekundu, nimekunja ngumi kama mwanamasumbwi. Nani aliniambia nikunje ngumi? Ni yule mpiga picha wako. Maneno yake fundi anayanakili hapa kama yalivyo: “Njia ya Bibi. Likizo ya mlimani kwa wenye moyo wa kuthubutu. Vuka Kisogo cha mlima kwa nyayo za msichana aliyekivuka peke yake, lala ndani ya pango alilolala, kunywa maji aliyokunywa.” Chini yake kuna maua.

Mjukuu wangu, niliposikia yale maneno ya kunywa maji aliyokunywa, nilimwambia fundi achukue kalamu.

Wageni wako nimewaona Jumatatu wakati unawapanga getini. Wale maharusi viatu vyao bado vinalia kama bata. Niliwaambia wiki iliyopita wavivae ndani ya nyumba, wapikie navyo, walalie navyo, hawakusikia. Bibi harusi ana miguu ya kutembea, lakini mume anatazama kila jiwe kama linamdai. Yule daktari wa meno mstaafu ni mtu mzuri, alinishika mkono akanitazama mdomoni akasema Bibi, una meno ya msichana. Nikamwambia na wewe una goti la mzee, nimekuona unavyoshuka ngazi. Akacheka. Lakini kweli goti lake ni bovu kuliko langu. Na mpiga picha ni wale wa kutembea kinyumenyume. Sijawahi kuwaelewa watu hawa. Mtu anafanya kazi mwaka mzima ili apumzike, halafu analipa achoke. Lakini nawapenda. Wanakuja na furaha kama watoto wanaopelekwa sokoni, na wanarudi wananukia moshi na wanakumbatia kila mtu hadi mlinzi. Sitaki hata mmoja wao abaki huko juu. Na wewe sitaki kabisa. Nimekulea tangu una miezi saba, mama yako alipokwenda mjini kutafuta kazi. Mgongo wangu huu unajua uzito wako wa kila mwaka.

Basi, nilimwambia fundi aandike hivi: mjukuu wangu, rudi, kwa sababu mahema hamna. Akaandika. Nikamwambia andika tena: rudi, kwa sababu tangu Jumapili wingu linaketi juu ya Kisogo kuanzia saa sita na haliondoki. Nalo ni kweli, nimelitazama kila siku hapa nje. Nikasema imetosha, funga barua.

Fundi hakufunga. Ameweka kalamu chini. Anasema, Bi mkubwa, kwa barua hii mjukuu wako harudi. Anasema wewe ni kiongozi wa kwanza wa kike katika kampuni ile, umengoja miaka sita ukibebeshwa masufuria ya wengine, na hii ndiyo njia yako ya kwanza yenye jina lako kwenye karatasi. Anasema wingu si kitu kwako, umezaliwa chini yake. Na hema si kitu, maana pango lipo. Anasema kama kuna sababu nyingine niseme, na kama hakuna nimwache akamalize suruali.

Huyu mwanamke ana macho. Kazi ya sindano.

Nimemwambia angoje. Nimekwenda nje nikamwaga maji ya beseni, nikarudi. Sasa nasema. Fundi, andika kama nilivyokuapisha, na usinitazame ninapoongea. Tazama karatasi.

Mjukuu wangu, sikuvuka Kisogo.

Fundi amenitazama. Nimemwambia andika. Narudia ili usidhani ni kosa la mwandishi. Mimi bibi yako sikuvuka Kisogo, si nikiwa msichana, si nikiwa mwanamke, si siku yoyote. Pango silijui. Maji yale siyajui. Hakuna nilichokiona kwa macho yangu ng’ambo ya Kisogo, kwa sababu ng’ambo ya Kisogo sijawahi kufika.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana ukiishia hapo utadhani nimechanganyikiwa na uzee, useme masikini bibi, uvuke.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, hivi. Mama yangu alilala kitandani siku ya tisa hali, hanywi. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa upande wa pili wa mlima. Baba akasema lazima aitwe. Kwa barabara ya chini, kwa miguu, ilikuwa siku nne. Kaka zangu walikuwa mbali kwenye kazi. Wazee walikuwa wakisema zamani za kale watu walikatiza juu, wakavuka Kisogo na kulala mara mbili tu. Hakuna aliyemjua mtu aliyefanya hivyo. Mimi na mdomo wangu nikasema mbele ya watu wote, nitapita juu. Baba akanikataza. Nikatoka alfajiri bila kuaga. Kama unajiuliza ukaidi umeurithi wapi, acha kumsingizia marehemu babu yako.

Nilifika pale ilipo leo kambi yenu ya pili, wakati huo palikuwa ni majani tu. Nikalala chini ya mwamba. Asubuhi nikaingia Kisogoni. Unakijua kwa kukitazama kutoka kambini, unaona mgongo tu, kama mgongo wa ng’ombe aliyekonda. Ukiwa juu yake si mgongo wa ng’ombe. Ni upana wa kitanda cha mtu mmoja, huku kushoto ukuta wa mlima unakusukuma, huku kulia hakuna kitu. Nilitembea kama hatua mia mbili. Halafu wingu likaja kutoka chini. Halikuja toka juu kama mvua, lilipanda kama maziwa yanayochemka, na lilipofika miguuni sikuiona tena miguu yangu. Nikaketi. Nikashika majani kwa mikono yote miwili. Sijui niliketi muda gani. Nilijikojolea, na sikusogea. Nilimwita mama, yule yule aliyekuwa anakufa. Mbele sikwenda hata hatua moja tena. Wingu lilipofunguka kidogo niligeuka nimeketi hivyo hivyo, nikarudi kwa makalio, nguo ikachanika yote nyuma.

Nilishuka ovyo mpaka barabara ya magogo. Huko nikakuta lori la mbao limeharibika. Dereva alikuwa mzee mmoja mpole, aliniona nilivyo, hakuuliza. Akaniambia wanatengeneza mashine, wataondoka kukipambazuka, nilale nyuma chini ya turubai kati ya magogo. Nikalala. Palikuwa na giza na joto, na harufu ya utomvu, na mtu angeweza kusimama wima ndani. Rejeta ilikuwa inavuja, wameweka karai chini yake, maji yanadondoka tone, tone, tone.

Umeelewa? Pango ni lile lori.

Kesho yake saa nne asubuhi dereva alinishusha njia panda karibu na kwa dada. Dada alitoka nje, akaniona nguo imechanika, mikono ina majani na damu, akauliza nimetoka nyumbani lini, akahesabu siku kwenye vidole. Akapiga kelele akasema mtoto huyu amevuka mlima. Majirani wakatoka. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kusema lori. Mjukuu wangu, nakuapia, neno lilikuwa kwenye ulimi. Lakini walikuwa wananitazama. Hakuna aliyewahi kunitazama vile. Nikafunga mdomo. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mtu mmoja akauliza nimelala wapi, nikasema palikuwa na kama pango, na maji yanadondoka. Basi, likawa pango.

Katika wale majirani alikuwepo kijana mmoja mpagazi, ana masikio makubwa. Huyo ndiye babu yako. Mama yangu alipona, dada alimkuta amekaa anadai chai, kwa hiyo nikaona uongo wangu haukumwumiza mtu. Mwezi wa tatu yule mwenye masikio akaleta posa. Alimwambia baba yangu anataka yule msichana aliyevuka Kisogo. Ningesema nini? Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka hamsini na tatu, na ilikuwa na watoto njiani, na nyumba, na wewe.

Sasa hapa ndipo panaponiuma kuliko hata kule Kisogoni. Babu yako alikwenda kulitafuta lile pango. Unaijua habari hiyo, nimekusimulia mwenyewe, lakini nilikusimulia vibaya. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba ya mama yako. Alivuka Kisogo kweli, yule mtu alikuwa na kichwa kisichozunguka. Ng’ambo hakuona pango. Aliona mteremko wa mawe madogo yanayoteleza, unakanyaga moja yanaondoka mia, na hakuna majani, na hakuna maji kabisa. Alirudi siku ya pili midomo imepasuka. Nikasema labda ulikosea, labda ulikwenda na ukungu. Baada ya miaka miwili akaenda tena, hali ya hewa kavu, anga jeupe. Akatafuta kutwa nzima. Akarudi mikono mitupu. Aliketi hapo mlangoni, akanywa maji mtungi mzima, akaniambia macho yake ndiyo mabovu, maneno yangu hayana kosa.

Wewe nilikuambia kwamba babu alikosa pango kwa sababu ya ukungu. Ukungu ulikuwa mara ile moja tu, na hata hiyo sina hakika, ni mimi niliyeuweka. Yeye alikiona kila kitu. Alikiona vizuri sana.

Na wewe ukaniomba hadithi hiyo kila jioni ukiwa mdogo, tena, bibi, tena, na kila mara nikaongeza kitu. Lile beseni la jiwe niliongeza ulipokuwa na surua, ili unywe maji. Yale mawe matatu ya mlangoni, moja kubwa na mawili madogo, niliongeza ulipoulizia mama yako yuko wapi. Sikudhani kama kuna siku utapanda kwenda kuyahesabu.

Na bado ningeweza kusema ukweli mwaka huu. Nafasi niliipata. Ofisi ya mlima haifungui njia mpya mpaka apatikane mtu aliyeipita kwa miguu yake, aweke dole gumba kwenye kitabu. Ulinipeleka mwenyewe, umenishika mkono, umevaa sare mpya. Yule ofisa aliniuliza mara mbili, Bibi, ulipita kwa miguu yako? Nikakutazama wewe. Ulikuwa umeng’aa. Nikasema nilipita. Nikabonyeza. Nilijidanganya kwamba mtakwenda na mahema na maji ya kutosha, mtafika Kisogoni, mtaona kinavyotisha, mtarudi kama watu wenye akili, na njia itakufa yenyewe bila mimi kufungua mdomo. Nililala usingizi mzuri kwa mawazo hayo. Mpaka leo nilipoiona ile misumari.

Hema sijampa Upepo, ingawa aliomba abebe. Nakujua. Ningekuletea hema ungesonga mbele nalo.

Kwa hiyo nakuambia si kwa huruma, nakuambia kama shahidi: ng’ambo kuna mawe yanayoteleza, hakuna pa kulala, hakuna tone la maji, na una daktari wa meno mwenye goti moja na chupa saba za maji kwa watu saba, na nina hakika yako umeshampa mtu. Ukisoma hapa, jibu ni moja. Wapeleke wageni kwenye maporomoko yale ya chini, au wapandishe kileleni kwa njia ya zamani, mpiga picha atapata picha zake. Waambie ukweli wote. Ukiona aibu waambie bibi yako ni mwongo, itoke kinywani mwako waziwazi, mimi sitakasirika.

Lakini ikiwa mmewahi kuondoka, na Upepo amelazimika kuwafuata mpaka Kisogoni, basi soma hapa. Kwenda siwezi kukufundisha. Kurudi najua, nilirudi mimi, na hapa hakuna nililoongeza.

Msigeuke mmesimama. Kila mtu aketi kwanza, ndipo ageuke, mmoja mmoja, na aliyekuwa wa mwisho awe wa mbele. Maharusi usiwaweke pamoja, watashikana, na mmoja akiteleza ni wawili. Ukuta wa mlima sasa utakuwa kuliani mwenu. Mkono wa kulia usiuachie. Shikeni majani yale magumu yenye ncha, yanakata lakini yanabeba mtu. Msishike ile kuvu laini ya kijani, inatoka nzima kama blanketi. Wingu likiwafunika, msisogee hata inchi, lifanye lolote, lisubirini. Linafunguka. Linafunguka kidogo, muda wa kufunga kamba za viatu viwili, halafu linafunga tena. Sogeeni wakati huo tu. Watu watakuambia wanaona baridi. Waache waone baridi. Mtu akilia mwache alie, mimi nililia na mikono haikuachia.

Mkifika mwisho wa Kisogo, upande mlikotokea, kuna njia mbili za kushukia. Moja ni ya majani, nzuri, imelala kama mkeka. Usiifuate. Ile inaishia hewani, niliirushia jiwe sikulisikia likianguka. Fuata ile mbaya, ya mawe makubwa na miiba, inanuka. Shukeni kwa makalio. Sura ya kiongozi iweke mfukoni, kaa chini, shuka kwa makalio. Nguo nitashona.

Fundi anasema nguo atashona yeye. Analia, huyu, anailowesha karatasi yako, nimemwambia ageuzie uso pembeni.

Usidhani nitakungoja nimekaa. Upepo akishaichukua barua hii, mimi na fundi tunakwenda ofisi ya mlima. Nitaomba kile kitabu kifunguliwe, na nitasema mbele ya yule ofisa haya haya uliyoyasoma, la lori na la kujikojolea, yote. Halafu kwa Bwana Likizo, na vile vipeperushi vyake. Nataka ukishuka ukute nimekwisha kusema, ili asiwepo mtu wa kukuuliza wewe. Kama ni faini ni yangu, kama ni kuchekwa nichekwe mimi. Kwa cheo chako hukukosea kitu. Uliamini bibi yako, na hilo si kosa la kiongozi.

Nasikia Upepo anapiga mluzi nje, amekuja. Nisalimie wapagazi, nisalimie yule daktari na umwambie goti alifunge kitambaa kabla ya kushuka, si baada. Mama yako sijamwambia. Nitamwambia mwenyewe Jumapili.

Hapa getini watu wamezoea kunisalimia kwa sababu ya mlima. Labda ukirudi utakuta hawanisalimii tena. Hilo nitalizoea. Wewe tu, mke mwenzangu, ukishafika, hata kama umekasirika, hata kama hutaki kuniona usoni, simama mlangoni uniamkie, ili nisikie sauti yako nijue umeshuka.

Mimi bibi yako,
mama wa mama yako.